Kokoto juu ya ukoka: kisa cha mlango wa mbele wa nyumba moja Longuo, Moshi

Nyumba yenyewe iko Longuo, juu kidogo ya mji wa Moshi, na imekalia mteremko kama nyingi za upande ule: barabara juu kaskazini, kibaraza chini kusini. Kati ya geti dogo la waenda kwa miguu na kibaraza pana mita 9 kwa 8, yaani mita za mraba 72, na zote zilikuwa ukoka. Gari linaingilia ubavuni, kwa hiyo mbele hapapiti kitu kizito kuliko toroli. Upande wa magharibi umesimama mti mkubwa wa mgrevilea. Uzio ni michongoma, na ng'ambo yake kuna nyasi za jirani, ukoka uleule.

Mwenye nyumba, mama mstaafu, alichoshwa na mambo mawili. La kwanza ni maji. Kipindi cha jua, Agosti mpaka Oktoba, ukoka wa kubaki kijani unataka kama milimita 25 kwa wiki. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo eneo lile lilikunywa lita 1,800 kila wiki. Wiki 13 zinafika lita 23,400, uniti 23 na ushei kwenye mita. La pili ni tope. Watu hawazunguki nyasi, wanakata moja kwa moja kutoka getini hadi mlangoni, na kijinjia chao kilishakula nyasi hadi udongo mwekundu. Aprili udongo huo unanata kwenye soli na kuingia nao sebuleni.

Kazi ya kwanza ilifanywa Novemba, mbio mbio, kwa sababu watoto na wajukuu walikuwa wanapanda kutoka Dar kwa Krismasi.

"Mama, tunazipara nyasi, tunatandika nailoni, tunamwaga kokoto. Wiki mbili umesahau habari ya kufyeka."

"Na ukoka, fundi?"

"Utapumulia wapi, mama? Utakufa wenyewe."

Krismasi pakapendeza kweli. Kufikia mwisho wa Aprili ukoka ulikuwa umetokeza kwenye kila ungio la nailoni, kokoto za upande wa geti zilikuwa zimeteremka na kulala mbele ya kibaraza, na maji yalifika kizingiti cha mlango mara mbili. Chini ya mgrevilea kokoto hazikuonekana tena.

Inafaa kuangalia kilichokuwa chini ya nailoni ile ilipofunuliwa, maana ndipo kosa lilipo. Karibu na michongoma kulikuwa na mzizi mmoja mweupe, kwa kweli ni shina la chini, mnene kama uzi wa fundi viatu, umetambaa juu ya udongo kwa mita moja na nusu bila jani hata moja, umenyooka utadhani umepimwa kwa kamba, mpaka kwenye ungio. Hapo umepinda, umetoka, umefanya kichwa cha kijani. Nailoni haikuuzuia, iliufunika jua na kuutunzia unyevu. Ukoka una akiba ya chakula kwenye mashina yake ya chini ya ardhi, na kila pingili inaota. Kupara juu kwa jembe kunakata shina moja vipande kumi, na vyote kumi ni mbegu. Pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ni mbaya zaidi kwa sababu hiyohiyo.

Nailoni ina kosa la pili. Haipitishi maji, kwa hiyo mvua inaishia juu yake, na juu ya mteremko maji yanayotembea yanabeba kokoto. Zilizomwagwa pale zilikuwa za mviringo, za mtoni, unene wa sentimita 3. Mawe ya mviringo hayashikani. Weka golori juu ya meza iliyoinama uone.

La tatu ni mteremko wenyewe, ambao haukupimwa kabisa. Kwa mpira wa levo, ule wa maji wa kupimia usawa, ilionekana kwamba kutoka getini hadi kibarazani ardhi inashuka sentimita 36, ikielekea mlangoni. Bati la mbele, kama mita 10 kwa 4, halikuwa na gata, likamwaga maji palepale. Mvua ya milimita 40 inateremsha lita 2,880 kwenye uwanja na lita 1,600 kutoka kwenye bati: karibu lita 4,500, na zote hazina njia isipokuwa mlango. Wakati wa nyasi, ukoka ulipunguza kasi na udongo ukanywa sehemu. Walipoziba ardhi kwa nailoni walijenga paa la pili linalomwaga maji ndani ya nyumba. Mtu angeshauri "basi mwageni zege lote", angeharibu zaidi.

La nne ni ufagio. Hapa hakuna mzaha: kwetu uwanja wa mbele unafagiliwa kila asubuhi, na uwanja usiofagiliwa unamtia aibu mwenye nyumba. Dada wa nyumbani alifagia kokoto kwa ufagio wa chelewa, akasogeza mawe, akayasaga majani ya mgrevilea yakaingia katikati ya mawe. Mgrevilea haungoji msimu, unapukutisha mwaka mzima. Majani yale yakioza kwenye kokoto yanageuka udongo, na mbegu ya kishona nguo haitaki kitanda kingine. Watu wengi wanaodhani magugu yametoka chini ya kokoto hawajui kwamba yameotea juu.

Kazi ya pili ilianza mwishoni mwa Mei, na ilipangwa kwa majira, si kwa sikukuu.

Nailoni na kokoto viliondolewa kwanza, ukoka ukaachwa uote kwa makusudi hadi majani ya sentimita 10 hivi. Hili linawashangaza wengi. Glaifoseti, dawa ya kuulia magugu, inaingilia jani na kushuka kwenye mashina ya chini pale nyasi zinapokua. Nyasi zilizofyekwa jana au zilizokauka kwa jua la Septemba hazina pa kuipokelea. Ndiyo maana mwisho wa masika unafaa. Kipimo ni kile cha lebo kwa magugu ya kudumu, si kile cha magugu ya msimu, na kwa mita 72 lita 3 za mchanganyiko zinatosha kabisa. Kujaza bomba la lita 16 na kulimwaga lote ni kuharibu dawa na kuchafua udongo. Asubuhi isiyo na upepo, glovu, buti, mwavuli wa plastiki kwenye ncha ya bomba ili mvuke usifike michongoma, na angalau saa 6 bila mvua. Kuku wafungiwe. Na kabla ya yote, mwambieni anayekuja kukata majani ya ng'ombe wa ndani. Katika mtaa wa Moshi yupo tu, na nyasi zilizopuliziwa zisiingie horini.

Baada ya hapo hazikuguswa wiki mbili nzima. Machipukizi yakapuliziwa mara ya pili katikati ya Juni, safari hii kwa madoa tu. Julai udongo ukachimbuliwa kwa uma, si kwa jembe, kina cha sentimita 15, na mashina yakavutwa kwa mkono. Yalianikwa juu ya sakafu ya saruji mpaka yakavunjika kama vijiti. Hayakwenda kwenye mboji. Agosti eneo likamwagiwa maji mara tatu ili kilichobaki kijitokeze, na kilijitokeza: kama vichwa thelathini vya ukoka, na mafungu matatu ya ndago karibu na geti. Ndago hailegei kwa dawa mara moja, kwa kuwa vijitunguu vyake vimeungana kama shanga na dawa haifiki kila punje. Hiyo ilichimbwa kwa sururu ndogo, udongo ukachekechwa.

Kuna wanaopenda njia ya plastiki angavu ya kuuchemsha udongo kwa jua. Inafanya kazi, lakini iwe angavu, ikazwe chini kingo zote, ikae wiki 6 za Januari na Februari. Kwa Juni na Julai za Moshi, mlima ukiwa umejifunika wingu siku nzima, utakuwa umeutengenezea ukoka kibanda cha joto.

Kuhusu ukoka wa jirani, hapakuwa na dawa ila ukuta. Mtaro mwembamba ulichimbwa sentimita 60 ndani ya michongoma, vikazikwa vipande vya mabati ya zamani kwa kina cha sentimita 25, vikipishana sentimita 10 kwenye kila ungio, na ncha ya juu ikabaki chini kidogo ya usawa wa ardhi isije ikakata mguu wa mtoto. Bati litaliwa na kutu baada ya miaka, hilo linajulikana. Kerbu za zege, yale mawe ya ukingo, zingekuwa bora, fedha haikutosha.

Maji yakapangiwa njia kabla ya kupanga mawe. Getini kikajengwa kizingiti cha nundu, sentimita 8, chenye mgongo wa taratibu toroli ipite, ili maji ya barabarani yasiingie. Bati likafungwa gata na kupelekwa kwenye tangi. Kisha mtaro wa kukinga: mita 1.2 kabla ya kibaraza, upana wote wa mita 8, ndani sentimita 30 kwa 30, ukishuka sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mashariki, na huko bomba la inchi 4 likachukua maji pamoja na ya tangi lililofurika hadi kwenye migomba minne iliyo chini ya ubavu wa nyumba, ndani ya kiwanja hichohicho. Kumwagia kwa jirani ni kuanzisha kesi. Mvua ile ya milimita 40 ikishuka ndani ya saa moja ni kama lita moja na robo kwa sekunde. Bomba la inchi 4 lenye mteremko huo linabeba zaidi ya mara tatu ya hapo.

Fundi wa kwanza alipendekeza mtaro wa kufukia, bomba lenye matundu na mawe juu. Kwa udongo mfinyanzi na majani ya mgrevilea ungeziba ndani ya misimu miwili, na kuuzibua ni kuufukua. Wa wazi wenye vifuniko vya zege vinavyoinuliwa kwa mikono miwili unasafishwa kwa koleo. Panapokatiza njia paliwekwa grili ya nondo yenye nafasi za sentimita 1.5, kwa ajili ya fimbo ya bibi na visigino vya wageni wa harusi. Zege la mtaro, moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), lilikula mifuko 6 ya saruji. Ile mita 1.2 iliyobaki mbele ya kibaraza iliinamishwa kurudi kwenye mtaro, sentimita 2 na nusu hivi. Ni kidogo, jicho halioni, lakini ndiyo iliyookoa mlango.

Njia ilipita palepale watu walipokuwa wakipita. Kubishana na nyayo za watu ni kazi bure. Mita 1.5 kati ya kerbu na kerbu, watu wawili waliobeba sufuria wapishane. Chini ya pale lilipita bomba la maji kutoka kwenye mita; lilivalishwa bomba kubwa zaidi la inchi 3, na jingine tupu likalazwa kando yake kwa nyaya za taa za baadaye. Uchimbaji sentimita 20: moramu 10 iliyoshindiliwa kwa matabaka mawili ikiwa na unyevu wa kushikana kiganjani, mchanga 4, pevingi ya sentimita 6. Kwa vipande vya 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba. Ukitoa sehemu ya grili, njia ni mita za mraba 12.75, vipande 638, na kwa kukata na kuvunjika zikaagizwa 670. Kerbu mita 17, zimeegemezwa kwa zege la mifuko 2. Bila kerbu pevingi inafunguka kama kitabu kilicholowa. Njia iliinamishwa pia kwa ubavu, sentimita 3 kwa upana wote, maji yatoke pembeni badala ya kukimbia hadi mwisho.

Kokoto hazikuachwa kabisa, ila zilipunguzwa hadi mita za mraba 29, upande wa mashariki na kwenye ukanda wa mbele ya kibaraza, mbali na mgrevilea. Chini yake moramu ya sentimita 7, juu ya moramu kitambaa cha kuzuia magugu kinachopitisha maji, kimepishana sentimita 20 kwenye maungio. Asiyekipata anaweza kupasua sandarusi za unga na kuzitandika mbili mbili. Zikifunikwa vizuri zinafaa, zikiachwa juani zinageuka nyuzi zinazosumbua kila ukishika reki. Kokoto zenyewe ni za kuvunjwa, za nusu inchi, zenye pembe, unene sentimita 5, mita za ujazo moja na nusu. Moramu yote, ya njia na ya hapa, ilihitaji mita za ujazo 4.2 ikiwa bado haijashindiliwa. Za mtoni za kazi ya kwanza hazikutupwa, zilijaza chini ya tangi.

Ukanda wa kokoto unaokumbatia kibaraza una kazi nyingine. Watu wanaogopa majani karibu na mlango kwa ajili ya nyoka, na si woga wa bure. Mawe wazi yanamfanya aonekane. Pia yanaweka matandazo, yaani majani na maganda ya kufunika udongo, mbali na fremu za milango, kwa maana mchwa wa Moshi hahitaji kualikwa.

Mimea ilingoja vuli, ikapandwa Novemba. Mita za mraba 26, na hapo ndipo mgrevilea ulipopewa haki yake: mita 14 chini ya kivuli chake zilifanywa kitalu, majani yadondoke, yakae, yawe matandazo. Ndani ya mita 2 za shina hapakuchimbwa zaidi ya sentimita 5. Huku wakapandwa masale 14, vipande vya shina vya sentimita 60 kutoka kwa jamaa, umbali wa sentimita 60, na katikati yao spaida, ile yenye mistari meupe inayoning'iniza watoto, mia moja, kila sentimita 30. Sale anazoea kivuli cha mgomba, kwa hiyo cha mgrevilea hakimsumbui. Juani kutwa nzima ncha zake zinaungua. Lakini kwa Wachaga sale si ua tu. Ni jani la kuombea radhi, tena ni alama ya mpaka, na mstari mpya wa masale kandokando ya uzio unaweza kusomwa vibaya. Mama alimwita jirani, wakasimama wote wawili pale kamba ilipovutwa, kabla ya kipande cha kwanza kuchomekwa.

Upande wa jua, mita 12: shubiri 12, rozimeri 6, na ukingoni mwa njia mchaichai 10. Udongo mfinyanzi ukilowa wiki tatu unaozesha mizizi ya shubiri na rozimeri, kwa hiyo palitengenezwa tuta la sentimita 20 lililochanganywa na mchanga wa kujengea, ndoo moja ya mchanga kwa mbili za udongo. Mchaichai uko palipo chini, unapenda maji yanayotoka njiani. Bogenvilia ilikataliwa, miiba yake na geti jembamba havipatani. Mnyaa pia, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Bromelia nazo hazikupandwa, zinatunza maji kwenye vikombe vya majani, na mbu anajua.

Matandazo ya tuta la mashariki yalikuwa maganda ya kahawa, sentimita 6. Ni mepesi, mvua ya kwanza iliyabeba hadi kwenye mtaro kwa kuwa yalimwagwa makavu. Yaliyofuata yalilowekwa na kukanyagwa, yakatulia. Pumba za mpunga za Mabogini ni nafuu, ila zina punje, na utavuna mpunga mlangoni.

Wiki 6 za kwanza mimea ilimwagiliwa mara mbili kwa wiki siku zisizo na mvua, lita 2 kwa shina, shubiri mara moja tu. Januari na Februari mara moja kwa wiki mbili. Mwaka uliofuata shubiri, rozimeri na masale hayakumwagiliwa kabisa. Spaida zilisinyaa Septemba, zikapewa ndoo mbili tatu, zikafufuka.

Masika yaliyofuata maji hayakufika kibarazani. Kilichoharibika ni pevingi mita moja na nusu kutoka getini, zilizozama sentimita 2 hivi na kufanya kidimbwi. Ni juu ya ule mfereji wa bomba la maji: udongo ulirudishwa wote kwa mkupuo mmoja na kushindiliwa juu tu. Ziling'olewa 24 kwa bisibisi mbili, mchanga ukaondolewa, moramu ikaongezwa kwa matabaka ya sentimita 5 yakipigwa shindilio hadi likadunda, mchanga, pevingi, mchanga mkavu ukafagiliwa kwenye mianya. Kazi ya asubuhi moja.

Matunzo yaliyobaki ni kama nusu saa Jumamosi. Dada anafagia njia tu, kwenye kokoto anapitisha reki ya majani kwa mkono mwepesi. Vifuniko vya mtaro vinainuliwa mara moja kwa mwezi, na kila wiki Machi hadi Mei. Kandokando ya mabati yaliyozikwa mtu anapita na panga kila mwezi, akate vidole vya ukoka vinavyojaribu kuruka juu, kwa kuwa chini vimeshashindwa. Kuku wanabaki nyuma ya nyumba, maganda ya kahawa yanawatia wazimu. Na ndago karibu na geti bado inachomoza kijani kimoja kimoja, inang'olewa kwa kisu kirefu pamoja na kijitunguu chake siku hiyohiyo inapoonekana.